Colin Chapman: gari la kwanza, na swali la nani achomelee

Karibu kila gereji ya vijijini ina kijana mwenye ndoto ya kujiundia gari. Ana injini ya zamani, ana magurudumu manne yasiyofanana, na ana mabomba aliyookota huku na kule. Kinachomkwamisha si injini. Ni uchomeleaji: anunue mashine ya aina gani, na mkono wa nani uishike. Katika makala haya tunamwangalia Mwingereza aliyekutana na swali hilo miaka ya 1940 akiwa mwanafunzi tu, na ambaye jibu lake lilimfikisha kwenye ubingwa wa dunia wa mbio za magari.

Colin Chapman alizaliwa tarehe 19 Mei 1928 huko Richmond, karibu na London. Baba yake aliendesha hoteli iliyoitwa Railway Hotel, mtaa wa Hornsey, kaskazini mwa jiji. Kijana alisomea uhandisi wa majengo na madaraja katika chuo cha University College London. Pembeni, yeye na rafiki yake walinunua magari yaliyotumika na kuyauza. Biashara ilienda vizuri hadi mwaka 1947, serikali ilipofuta mgao wa petroli kwa watu wa kawaida. Bila petroli, nani atanunua gari? Bei zikaporomoka. Chapman akabaki na gari moja lisilouzika, Austin 7 ya zamani.

Gari hilo ndilo alilolivua nguo. Kazi ilifanyika katika gereji ya kufungia gari moja, nyuma ya nyumba ya wazazi wa mchumba wake, Hazel Williams, huko Muswell Hill. Hazel mwenyewe alishika spana pamoja naye. Mwaka 1948 gari lilikuwa tayari, na baadaye likaitwa Lotus ya kwanza.

Hapa tusimame kidogo, maana pana jambo la kutazama. Bodi ya gari lile haikuwa ya chuma cha kuchomelea. Ilikuwa ya plaiwudi iliyobandikwa aluminiamu juu yake, na ilipangwa kwa namna ambayo vipande vyenyewe viliipa chasisi ugumu. Mtu ambaye hajawa na vifaa kamili vya kuchomelea alianza na kile ambacho mikono yake iliweza kukata, kugundi na kufunga kwa bolti. Kuchomelea kulikuja baadaye, na kidogo kidogo.

Tukumbuke pia kwamba zama zile fundi wa nyumbani hakuwa na mengi ya kuchagua. Mashine ya umeme ya vijiti ilikuwepo, ile ile tunayoiona leo gereji za barabarani. Kuchomelea kwa gesi ya asetilini na oksijeni kulikuwepo pia. Mashine zinazolisha waya zenyewe ndiyo kwanza zilikuwa zinaingia viwandani. Tofauti ya hizo mbili ni hii: kijiti cha umeme ni kizuri kwa chuma kinene, lakini ukikipeleka kwenye bomba jembamba kwa mkono usiozoea, unatoboa. Moto wa gesi ni wa polepole, fundi anauona ukiyeyusha na anaweza kuuondoa kabla mambo hayajaharibika. Hata hivyo unapasha eneo kubwa zaidi, na fremu inaweza kujikunja. Kijana wetu wa leo mwenye mashine ya vijiti na bomba la baiskeli anaielewa shida hii vizuri sana.

Chapman alipata bahati ya marafiki. Ndugu wawili, Michael na Nigel Allen, walikuwa na gereji yenye vifaa vizuri nyumbani kwao Wood Green, akaenda kufanya kazi huko. Chasisi ya Austin 7 ilikuwa na mihimili iliyo wazi upande mmoja, mfano wa mfereji wa maji. Mhimili wa aina hiyo hujipinda gari likikata kona. Chapman aliuziba ule upande wazi, mfereji ukawa sanduku, na sanduku halipindiki kirahisi. Kwa uzito mdogo ulioongezwa, ugumu ulipanda sana. Gari lake la mwaka 1951 liliwashinda wenzake kiasi kwamba kanuni za mashindano zilibadilishwa ili kuzuia ujanja alioufanya kwenye njia za hewa za injini.

Tarehe 1 Januari 1952 alifungua rasmi Lotus Engineering katika mazizi ya zamani ya farasi nyuma ya hoteli ya baba yake. Hakuacha ajira, mchana alikuwa mfanyakazi wa kampuni ya aluminiamu, usiku fundi. Ndipo ikaja Lotus Mark VI, fremu ya mabomba membamba yaliyopangwa kwa pembetatu, yenye uzito wa kilo 25 hivi tu.

Kwenye fremu kama hiyo, kila kiungo kinabeba maisha ya mtu. Chapman, ambaye kwa wakati huo angeweza kujivuna na kufanya mwenyewe, hakufanya. Fremu zilitengenezwa na karakana nyingine ndogo ya London, Progress Chassis, watu ambao kuunga mabomba ndiyo ilikuwa kazi yao ya kila siku. Kwa maoni yetu huu ndio uamuzi wake wa busara kuliko mingi aliyosifiwa.

Mnunuzi alipelekewa fremu iliyokwisha kuungwa, naye akafunga injini, ekseli na taa kwa bolti nyumbani kwake. Swali la mashine ya kwanza ya kuchomelea likawa limeondolewa mezani. Tena gari lililouzwa vipande vipande halikutozwa kodi ya mauzo. Inasimuliwa kwamba, kwa kuwa sheria haikuruhusu maelekezo ya kuunganisha, Lotus 7 ya mwaka 1957 iliuzwa na maelekezo ya kulifungua gari, mnunuzi akayasoma kuanzia mwisho.

Baada ya hapo mambo yalikwenda kasi. Mwaka 1962 Lotus 25 iliachana na mabomba, na mwaka uliofuata Jim Clark akawa bingwa wa dunia. Timu ya Chapman ilitwaa ubingwa wa watengenezaji mara saba.

Lakini wepesi ule ulikuwa na gharama. Magari ya Lotus yalijulikana kwa kukatika vipande kuliko ya wengine. Mwaka 1970, Jochen Rindt alifariki huko Monza baada ya mhimili wa breki wa mbele kukatika. Alikuwa na pointi nyingi kiasi kwamba alitangazwa bingwa akiwa tayari amezikwa. Hatuwezi kumsifu Chapman kwa kilo alizopunguza bila kulitaja hilo.

Mwisho wake nao uligubikwa na kivuli. Alifariki ghafla kwa moyo tarehe 16 Desemba 1982, akiwa na miaka 54, wakati fedha za umma katika mradi wa gari la DeLorean zikichunguzwa. Mwaka 1992 ofisa wa fedha wa Lotus alifungwa, na jaji akasema kuwa Chapman angekuwa hai, angepata miaka isiyopungua kumi.

Lile gari la kwanza la plaiwudi, lenye namba OX 9292, liliuzwa mwaka 1950 kwa mtu wa kaskazini mwa Uingereza na halijaonekana tena. Mwaka 2018 mwanawe Chapman, Clive, aliwaomba watu wachungulie kwenye vibanda na gereji zao za zamani.