MAISHA YA SEWA HAJI PAROO, TAJIRI WA BAGAMOYO

Kamati ilipoamua kwamba kijitabu hiki cha kuadhimisha miaka 10 ya Chama Kikuu chetu kiwe na habari za maisha ya mtu mmoja aliyetoa mali yake kwa manufaa ya wengi, nilitaja jina la marehemu Sewa Haji Paroo. Baadhi ya wajumbe walikunja nyuso. Hoja yao ilikuwa nzito. Ushirika wa Kanda ya Ziwa ulianzishwa na akina Paul Bomani katika miaka ya 1950 ili mkulima wa pamba aepukane na mfanyabiashara na mizani yake; itakuwaje leo tumsifu mfanyabiashara? Nimeruhusiwa kuandika kwa sharti kwamba nisimpambe, nami nalishika sharti hilo.

Sewa Haji alizaliwa Unguja mwaka 1851, katika jamaa ya Wahindi wa madhehebu ya Ismailia. Jamaa yake walikuwa na duka Unguja na tawi lake Bagamoyo, na kijana huyo alitwaa kazi ya Bagamoyo angali mdogo. Mwaka 1871, Henry Stanley alipofika huko akihitaji wapagazi wa safari ya kumtafuta Dakta Livingstone, ilimpasa kumwendea yeye. Wakafanya biashara, kisha Stanley akajaza kurasa za kitabu chake malalamiko juu ya hila za tajiri yule kijana.

Basi utajiri wake ulitoka wapi? Ulitoka mabegani mwa watu. Sewa Haji aliwauzia wenye misafara merikani, kaniki, shanga na nyaya za shaba, akawatafutia na wapagazi wa kuvichukua. Bunduki na baruti navyo vilipita mikononi mwake, na pembe za ndovu zilirudi pwani kwa njia ile ile. Wapagazi hao wengi wao walikuwa Wanyamwezi, na pamoja nao Wasukuma na Wasumbwa, yaani babu zetu. Kila mmoja alijitwika kadiri ya frasila mbili, ambazo ni ratili 70, akatembea miezi mitatu hivi kutoka Bagamoyo hadi Tabora. Wengine waliendelea kaskazini kwa njia ya Karagwe na Buganda, iliyopita katika nchi yetu hii ya Msalala. Waliofia njiani waliachwa njiani. Mwanachama anayebeba leo gunia la mpunga kutoka shambani hadi ghalani ataelewa kazi hiyo bila ya mimi kuieleza zaidi.

Hayo ndiyo niliyotakiwa nisiyafiche. Lakini kuna upande wa pili.

Katika miaka ya 1890, Wajerumani walipokuwa wamekwisha kuitwaa nchi, Sewa Haji alitoa fedha ili ijengwe hospitali ya Dar es Salaam. Wazungu walijengewa hospitali yao Ocean Road. Ile iliyochukua jina la Sewa Haji ilipokea Waafrika na Wahindi. Mwaka 1896 akaitoa nyumba yake ya ghorofa iliyoko Bagamoyo iwe shule, na hapo aliweka sharti kwamba wafundishwe humo watoto wa kila kabila. Katika siku zile, sharti la namna hiyo kumpa Mjerumani halikuwa jambo dogo. Nyumba hiyo ndiyo baadaye ikawa Shule ya Msingi Mwambao.

Alifariki Unguja mwaka 1897, umri wake ukiwa haujafika miaka 50. Kwa wasia wake, nyumba na ardhi yake viliwekwa chini ya serikali, ili mapato yake yasaidie wagonjwa na wakoma. Naomba viongozi wa vyama vya msingi walitazame neno hilo la mapato. Sisi sote tumepata kuona majengo yaliyotolewa zawadi, yakafunguliwa kwa ngoma na hotuba, na baada ya miaka michache mlango hauna komeo, na kabati la dawa ni tupu. Huyu mfanyabiashara, aliyezoea kuhesabu gharama za msafara kabla haujaondoka, alijua kwamba jengo nalo lina njaa yake, akaliachia chakula.

Hospitali ile ilitumika zamani za Wajerumani, ikatumika zamani za Waingereza, mpaka ilipofunguliwa hospitali mpya mwaka 1956, iliyopewa jina la Princess Margaret. Baada ya Uhuru hospitali hiyo ikaitwa Muhimbili. Jina la binti mfalme liliondoka. Jina la Sewa Haji likabaki katika jengo la wodi. Hata mtu aliyeanza kazi kwake, Allidina Visram, ambaye baadaye alitapakaza maduka mpaka Uganda, jina lake limo katika shule moja kubwa ya Mombasa.

Majina ya wapagazi hayakuandikwa ukutani popote. Hilo mzee mmoja wa kamati alinikumbusha nilipomsomea habari hizi, na sikuwa na jibu. Nilimwuliza tu juu ya safari yake ya matibabu, alipopelekwa Muhimbili kutoka huku kwetu. Alisema alilazwa Sewa Haji, wala hakupata kujua kwamba ni jina la mtu.