Wasia wa Mgonjwa: Maisha ya Mwana Kupona binti Mshamu

Miongoni mwa watunzi wa kike wa upwa wa Afrika Mashariki, ni vigumu kumpata anayetajwa madarasani zaidi ya Mwana Kupona binti Mshamu. Hata hivyo, aghalabu tunamtaja kama mwalimu wa adabu za ndoa tu, tukasahau kwamba alikuwa mjane, mgonjwa, na mama aliyehofia kuwaacha wanawe. Makala haya yanakusudia kuyatazama maisha yake kwa jicho hilo.

Mwana Kupona alizaliwa katika kisiwa cha Pate mwanzoni mwa karne ya 19. Aliolewa na Bwana Mataka, shehe wa Siyu, mji wa wanavyuoni na mafundi stadi kisiwani humo. Bwana Mataka alikataa kuinamia utawala wa Seyyid Said, mtawala wa Omani na Zanzibar, na katika miaka ya 1840 majeshi yaliyotumwa kuitiisha Siyu yalirudi yameshindwa. Mwana Kupona, basi, alilea wanawe vita vikiwa mlangoni. Mnamo 1856 mumewe akafariki, akamwachia binti, Mwana Hashima, na mwana wa kiume aliyekuwa angali mdogo. Msiba huo haujapoa, maradhi nayo yakamwandama.

Mwaka wa 1858, akiwa katika hali hiyo, alitunga utendi wake mashuhuri. Anamwita binti yake asogee karibu na kumtaka alete wino na karatasi. Ugonjwa wenyewe hausimulii kwa kirefu. Anadokeza tu kuwa umemkalia mwaka mzima, kisha anaingia katika wasia: kumcha Mungu, kuchunga ulimi, kuwapenda wanyonge, kumtunza mume.

Hapa ndipo tunapouona ujasiri wake. Swali lililomkabili lilikuwa moja: nani atamwongoza binti huyu, ambaye baba keshaondoka na mama yu njiani kumfuata? Jibu lake lilikuwa tungo. Ubeti wa utendi una vipande vinne vya mizani nane nane. Vitatu vya mwanzo hushiriki kina kimoja, na cha nne hubeba kina kinachorejea hadi tamati. Umbo hilo hushikika moyoni upesi. Mama aliyejua kuwa sauti yake i karibu kunyamaza aliiweka mahali ambapo binti angeweza kuikariri.

Wapo wahakiki wanaomlaumu kwa kumfundisha mwanamke unyenyekevu uliopita kiasi. Lawama hiyo ina msingi, na mafunzo yake kuhusu watumwa yanadhihirisha tabaka alimotoka. Wengine, kama Ann Biersteker, wameona kejeli pale mume anapofananishwa na mtoto asiyejua kusema. Hoja zote mbili zinapata uzito zaidi tukikumbuka kuwa kwa msichana yatima wa zama hizo, ndoa ilikuwa miongoni mwa ngome chache zilizosalia.

Baada ya wasia huja dua ndefu, na ndani yake hofu haifichwi tena. Mshairi anamwomba Mungu amponye na awahifadhi wanawe na jamaa zake. Mpangilio huu una maana: kwanza alitenda lililokuwa katika uwezo wake, kisha akakabidhi lililomshinda. Mwishoni anawahimiza wanawake wote wausome utendi huo. Kilichoanza kama wasia wa chumbani kikawa mali ya umma.

Mwana Kupona alifariki yapata mwaka wa 1860. Licha ya jina lake, hakupona. Lakini utendi ulinakiliwa mkono kwa mkono kwa hati za Kiarabu, na mwaka wa 1917 Alice Werner akauchapisha ukawafikia wasomaji wa mbali. Ni vyema basi wanafunzi wa Kiswahili, kabla ya kujadili beti za ndoa, waanze na zile beti chache za ugonjwa, kwani ndizo zinazotueleza kwa nini mama huyu aliagiza wino.