Habari za Bibi Katharine Cook, Mwuguzi

Wasomaji wetu wa Tongoni na wa mitaa mingine ya pwani hii ya Tanga huenda wakauliza kwa nini katika kitabu cha yubile tumeweka habari za bibi aliyefanya kazi yake Uganda. Sababu ni hii. Vijana wetu, wasichana kwa wavulana, humaliza mafunzo ya uuguzi, kisha hupelekwa vituo vya mbali, mahali wasipokuwa na ndugu wala jamaa. Wazazi huona hofu, na wengine hutaka kuwazuia. Bibi huyu aliijua safari ya namna hiyo kwa mwili wake mwenyewe, na baadaye akawa yeye ndiye mwenye kuwatuma wengine.

Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Katharine Timpson, naye alizaliwa Uingereza mwaka 1863. Alijifunza uuguzi, kisha akajitoa kuitumikia misheni ya CMS. Mwaka 1896 alifika Mombasa pamoja na wenzake, na mmoja wao alikuwa daktari kijana, Albert Cook. Mombasa ni bandari ya bahari yetu hii hii, kaskazini ya Tanga. Siku zile reli ya Uganda ilikuwa imeanza tu kujengwa, wala haikufika ziwani mpaka mwaka 1901. Basi ilikuwa lazima kwenda kwa miguu pamoja na wapagazi, maili 800 hivi, kupita nyika yenye maji haba na milima yenye baridi. Wanawake wa kwanza wa CMS, watano, walikuwa wamefika Uganda mwaka 1895, kwa hiyo njia ile ilikuwa bado ngeni kwa mwanamke wa Kizungu. Tarehe 19 Februari 1897 wasafiri wale wakafika Namirembe.

Huko hapakuwa na hospitali ya kuwapokea. Walianza kutibu watu mwezi ule ule, na kabla ya mwaka kwisha ikasimama hospitali ya kwanza ya Mengo, nyumba ya matete na nyasi. Bibi Katharine akawa msimamizi wa wauguzi, kazi aliyoishika mpaka mwaka 1911. Mwaka 1900 aliolewa na Daktari Cook. Mwaka 1902 radi iliipiga hospitali, na kwa kuwa paa lake lilikuwa la nyasi, ikateketea. Hawakukata tamaa, wakajenga tena.

Lakini jambo lililomsumbua zaidi ni kufa kwa akina mama katika uzazi, na kwa watoto wachanga. Mama aliyepatwa na shida siku ya kujifungua, naye yu mbali na Mengo, hakuwa na wa kumwokoa. Daktari mmoja hawezi kukaa katika kila kijiji. Wazungu wa zamani zile walilaumu sana kaswende, na wengine waliwalaumu akina mama wa Kiganda na desturi zao kupita haki. Siku hizi wenye elimu husema kwamba hesabu za kaswende zilizidishwa, maana buba ilidhaniwa kuwa ndiyo. Hata hivyo msiba wenyewe ulikuwa wa kweli, na Bibi Cook aliutafutia dawa iliyo njema: kuwafundisha wasichana wa nchi ile ile ukunga, ili wakawatumikie mama zao na dada zao.

Mwaka 1921 ikafunguliwa Mengo shule ya wakunga, ikaitwa kwa jina la Bibi Coryndon, mke wa Gavana. Bibi Cook na mumewe waliandika kitabu cha ukunga kwa Kiganda, ili mwanafunzi asome kwa lugha yake. Wasichana walikaa ndani ya ua, chini ya ulinzi mkali. Ulinzi ule ulikuwa mzito kwa wasichana, ila katika siku zile wazazi wengi wasingalikubali kumwacha binti yao akae mbali na nyumbani pasipo mtu wa kumwangalia.

Walipokwisha kufaulu, mtihani mwingine ulikuwa mbele. Mkunga mpya alitumwa kwenye kituo cha uzazi huko mashambani, mbali na daktari. Mengo alikuwa amezoea kumwita mkubwa wake. Huko kituoni ilimpasa kuamua mwenyewe, usiku, mbele ya mama mwenye uchungu na bibi wazee wanaomtazama kwa mashaka, kwa kuwa yeye ni kijana, na huenda hajazaa. Ilimpasa kujua lipi aliweze, na lipi limzidi, ampeleke mgonjwa upesi kabla hajachelewa. Kwa mambo hayo mawili uhai wa watu wawili ulikuwa mikononi mwake.

Bibi Cook alilijua hilo, naye hakuwatuma kisha akawasahau. Alikuwa msimamizi wa wakunga, akasafiri kuvikagua vituo vile, kutazama usafi na kazi. Tena mwaka 1931 aliongeza shule ya wauguzi pale Mengo. Akaendelea hata alipofariki mwaka 1938, akiwa ameitumikia Uganda zaidi ya miaka 40. Hospitali ya Mengo ingali ikifanya kazi mpaka leo.

Basi, ninyi wazazi na walimu, binti yenu akipewa barua ya kwenda mbali, msimzuie kwa hofu tu. Ulizeni nyumba atakayokaa, na mkubwa atakayemtazama, kisha mpeni baraka zenu. Nanyi mlio Tongoni na katika vijiji vyote vya pwani, mwuguzi mgeni akifika kwenu, kijana wa kabila jingine, asiyejua hata njia ya kisimani, mpokeeni kama mtoto wenu. Mwonyesheni njia, mpelekeeni chakula siku za kwanza, na bibi wazee wamsaidie badala ya kumpima. Maana usiku mmoja mtamwita kwa haraka, nanyi mtafurahi kwamba hakuondoka.

Mungu awalinde wote waliotumwa mbali kuwahudumia wagonjwa.