Hunayn bin Is-haq: Mwanafunzi wa Tiba Aliyeondoka Darasani Akilia



Katika toleo hili nimechagua maisha ya Hunayn bin Is-haq, tabibu na mfasiri mkubwa wa Baghdad, aliyefariki mwaka 260 Hijria, sawa na 873 Miladia. Niko mwaka wa pili wa mafunzo ya ubingwa wa magonjwa ya watoto, na mwaka huu ndugu watatu wa chama chetu wamenijia na swali moja: je, niache kabla sijamaliza? Nami swali hilo nimelala nalo si mara moja, baada ya zamu ya usiku. Nilipokuwa nikisoma historia ya tiba nikaona Hunayn alilikuta kabla yetu.

Alizaliwa mwaka 809 katika mji wa Hira, Iraq. Baba yake alikuwa muuza dawa. Jamii yao walikuwa Waarabu Wakristo wa madhehebu ya Kinestori, naye alibaki Mkristo maisha yake yote. Ni vizuri tulijue hilo mapema, kwa sababu makhalifa wa Bani Abbas walimkaribisha kwa elimu yake, na vizazi vya matabibu Waislamu vilisoma kupitia kazi ya mikono yake.

Akiwa kijana alikwenda Baghdad kusoma tiba kwa Yuhanna bin Masawayh, tabibu wa makhalifa. Majlis yake ilijaa wanafunzi, na ulimi wake ulikuwa mkali. Wakati ule fani ya tiba ilishikwa na familia chache zenye asili ya Jundishapur, mji wa Uajemi uliosifika kwa matabibu wake, na hawakupenda wageni waingie. Hunayn alikuwa mgeni, tena mwenye maswali mengi. Kila kitabu kikisomwa, alitaka kujua maana ya hili na sababu ya lile.

Siku moja mwalimu alichoka. Alimwambia kwamba watu wa Hira hawana haja na tiba, akatafute vijisenti akafanye biashara ya kubadilisha fedha njiani. Kisha akaamuru atolewe nje. Hunayn aliondoka akilia.

Ndugu msomaji, wengi wetu tunaijua siku kama hiyo. Nimewahi kumwona mwenzangu akikemewa mbele ya wagonjwa na wauguzi wakati wa kupita wodini, kwa kuuliza jambo ambalo mkubwa wake alipaswa kumfundisha. Alimaliza kazi ya siku hiyo kimya, na jioni akaniambia anataka kurudi kijijini kwao kufundisha shule. Alikuwa na akili nzuri na mkono mwepesi kwa watoto. Kilichokuwa kimevunjika ni moyo wa kusimama mbele ya mtu yule kesho yake.

Hunayn naye angeweza kurudi Hira. Duka la baba yake lilikuwapo. Lakini alijiuliza amekosa nini, na jibu lake likawa moja: vitabu vya asili vya tiba viliandikwa kwa Kigiriki, naye hakukijua Kigiriki. Basi akaapa kuiweka tiba kando mpaka aimiliki lugha hiyo kama anavyoimiliki mwenyewe.

Alipotea machoni pa watu kwa miaka. Kisha Yusuf bin Ibrahim, aliyekuwa akihudhuria majlis ile ile, akamwona mtu mwenye nywele ndefu zilizofunika sehemu ya uso, akitembea huku akighani mashairi ya Homer kwa Kigiriki. Aliitambua sauti. Alikuwa Hunayn. Alimwomba Yusuf aifiche siri mpaka amalize alichokianza.

Alipomaliza alikuwa bado kijana mdogo. Jibril bin Bakhtishu, tabibu wa Harun al-Rashid, aliiona tafsiri yake na akamtukuza mbele za watu. Tafsiri hiyo ikafikishwa kwa Ibn Masawayh bila kuambiwa ni ya nani. Mzee alistaajabu. Alipojua ni kazi ya yule aliyemfukuza, aliomba wapatanishwe. Hunayn alikubali, na baadaye akamfasiria vitabu mwalimu yule yule.

Kazi yake iliyofuata ni bahari. Kabla ya kufasiri kitabu alikusanya nakala kadhaa za Kigiriki, akazilinganisha mpaka apate matini sahihi, kisha akafasiri maana ya sentensi nzima badala ya neno kwa neno. Kutafuta kitabu kimoja tu cha Galen alizunguka Iraq, Sham, Palestina na Misri mpaka Alexandria, na akaambulia karibu nusu yake huko Damascus. Alipopata fitina katika ikulu, maktaba yake yote ilipotea. Hata hivyo aliandika kwa kumbukumbu orodha ya vitabu 129 vya Galen, akieleza nani alikifasiri kipi.

Kuna mtihani mwingine uliompata. Wanahistoria wa tiba wanasimulia kwamba Khalifa al-Mutawakkil alimtaka atengeneze sumu ya kumuulia adui. Alikataa, akasema hakujifunza ila dawa zenye manufaa. Alifungwa mwaka mzima, akaletwa tena, akaonyeshwa upanga, akakataa tena. Ndipo Khalifa akamwambia alikuwa akimjaribu. Alipoulizwa kilichomzuia, alitaja dini yake na fani yake.

Jambo linalonigusa zaidi ni kitabu chake cha Maswali ya Tiba, alichowaandikia wanaoanza. Kimeandikwa kwa mtindo wa swali na jibu. Kijana aliyefukuzwa kwa kuuliza aliacha nyuma kitabu cha maswali, kikasomwa na wanafunzi kwa karne nyingi, na Ulaya pia kilipofasiriwa kwa Kilatini.

Sasa turudi kwetu. Sisemi kila mtu avumilie. Zama zake na zetu si sawa: Hunayn hakuwa na mkataba wa ufadhili wala baraza la kumsajili, na leo anayeondoka bila cheti huenda akakuta mlango umefungwa akitaka kurudi. Pia mwili ukianza kuumwa kwa kukosa usingizi, au mtu akaanza kutamani kufa, aondoke kwanza apate matibabu. Hilo halingoji.

Lakini wanaonijia nawauliza kama Hunayn alivyojiuliza: unakimbia nini hasa? Kama ni mwalimu mmoja, zipo hospitali nyingine na idara nyingine, na likizo ya masomo huombwa kwa barua. Kama ni upungufu wa elimu, unaweza kuuziba. Kama ni tiba yenyewe, ukiwa umepumzika na bado moyo hauitaki, basi kuondoka si aibu, maana mgonjwa hafaidiki na daktari asiyetaka kuwapo. Shauriana na wanaokujua, swali istikhara, na usiandike barua ya kuacha usiku uliotoka zamu.

Mimi nimejiuliza hivyo hivyo. Nimeona kwamba watoto wodini sijawachoka, nilichochoka ni namna tunavyofundishwa. Nimeomba miezi mitatu ya kupumzika, na ombi langu liko kwa mkuu wa idara. Likikubaliwa, muda huo nitausoma upya mlango wa magonjwa ya moyo ya watoto, ambao ndio unaonishinda. Kisha, inshaallah, nitarudi na maswali yangu.

Wabillahi tawfiq.