Ohene Djan: Mghana aliyeipigania Afrika, runinga zikamsahau

UKITAJA Kombe la Dunia 1966, wengi wanakumbuka 'hat-trick' ya Geoff Hurst na moto wa Eusebio. Runinga huzirudia picha hizo kila michuano ikikaribia. Ohene Djan hayumo.

Jamaa alikuwa bosi wa michezo wa Ghana enzi za Kwame Nkrumah. Chini yake, Black Stars walibeba Kombe la Afrika mara mbili mfululizo, 1963 na 1965.

Lakini FIFA ilizipa Afrika, Asia na Oceania nafasi moja tu wagombanie. Tena 1963 ilikuwa imeirudisha kundini Afrika Kusini ya makaburu. Djan, mjumbe wa kamati ya utendaji ya FIFA, akagoma, bega kwa bega na Tessema wa Ethiopia. Timu 15 za Afrika zikajitoa. Kizazi kile cha Ghana kikakosa fainali kikiwa mabingwa wa Afrika.

Februari 1966 Nkrumah alipinduliwa, na Djan akapoteza kiti.

Mgomo ukazaa matunda. Mwaka 1970 Morocco ilikwenda Mexico kwa tiketi ya Afrika yenyewe. Djan alifariki 1987. Fainali za 2026, Afrika ina nafasi tisa za moja kwa moja.