Baba Bodelschwingh, Mwombaji wa Wagonjwa

Wengi wetu tumelisikia jina la Bethel tangu utoto, maana wamisioni walioleta Injili katika milima ya Usambara, na baadaye Rwanda na Bukoba, walikuwa wa chama kilichokuja kuitwa Misioni ya Bethel. Lakini si wote wanaojua ya kuwa Bethel yenyewe, karibu na mji wa Bielefeld huko Ujerumani, ni mji wa wagonjwa: watu wenye kifafa, wenye maradhi ya akili, na wanyonge wasio na wa kuwalisha. Aliyeukuza ni mchungaji Friedrich von Bodelschwingh. Katika habari zake nataka kueleza hasa jambo moja ambalo watu hulipita upesi, nalo ni fedha. Huruma wengi wanayo. Lililo gumu ni kupata mkate wa mtu atakayekuwa mgonjwa miaka thelathini, na ambaye hata akipona kidogo hana cha kulipa.

Alizaliwa tarehe 6 Machi 1831 huko Tecklenburg, katika nchi ya Westfalia. Baba yake, Ernst von Bodelschwingh, alikuwa mtu mkubwa katika serikali ya mfalme wa Prussia: kwanza waziri wa fedha, kisha waziri wa mambo ya ndani, mpaka fitina za mwaka 1848 zilipomwondoa. Kwa sababu hiyo mtoto Friedrich alicheza Berlin pamoja na mwana wa jamaa ya kifalme ambaye baadaye alikuwa Kaisari Friedrich wa Tatu. Angalieni jambo hili la ajabu: mwana wa waziri wa fedha akaja kuwa mwombaji mashuhuri kuliko wote katika nchi yake.

Hakuanza na uchungaji. Alijifunza kilimo, akawa msimamizi wa shamba kubwa la Gramenz katika Pomerania, akaona umaskini wa vibarua. Siku moja ya Jumapili alisoma kijitabu kidogo cha misioni, habari za kijana Mchina, moja ya vile ambavyo yeye mwenyewe alikuwa akiwagawia watoto wa vibarua. Moyo wake ukageuka, akaazimu kuwa mmisioni. Tangu mwaka 1854 akasoma elimu ya Mungu Basel, Erlangen na Berlin. Lakini Mungu hakumpeleka kwa Wapagani wa mbali. Mwaka 1858 alipelekwa Paris kuwachunga Wajerumani maskini waliofagia barabara za mji ule na kuokota matambara. Huko ndiko alikojifunza kuomba. Watu wake hawakuwa na shule wala kanisa, naye hakuwa na kitu. Akaandika barua, akasafiri, akabisha hodi kwa matajiri, hata shule na kanisa vikasimama juu ya kilima. Mwaka 1861 alimwoa Ida, binti wa ndugu ya baba yake, na mwaka 1864 wakarudi Ujerumani, akawa mchungaji wa Dellwig.

Hapo lilimpata pigo ambalo wote wanaoandika habari zake hulitaja. Katika Januari 1869 kifaduro kiliingia nyumbani mwao pamoja na homa ya mapafu, na kwa muda wa majuma mawili watoto wao wote wanne wakafa. Aliandika kijitabu cha maisha yao na kufa kwao, kikasomwa na wazazi wengi waliofiwa. Mungu akawapa watoto wengine wanne baadaye, walakini wale wa kwanza hakuwasahau, na waliomjua walisema ya kuwa tangu siku zile aliwatazama watu wenye mateso kwa jicho jingine.

Mwaka 1867 watu wa Misioni ya Ndani walikuwa wamenunua nyumba ya mkulima nje ya Bielefeld, wakaiita Ebenezer, wakaweka humo wagonjwa wachache wa kifafa. Kwa nini kifafa? Kwa sababu mgonjwa wa namna hii hakuwa na pa kwenda. Hospitali zilitaka wagonjwa wa kupona. Shule ziliogopa mtoto aangukaye mbele ya wenzake. Bwana wa shamba hakumpa kazi. Jamaa wakamficha chumba cha nyuma. Wengine waliwekwa pamoja na wenye wazimu, na kwa muda mrefu maradhi haya mawili yalihesabiwa kuwa ndugu. Kwetu pia hata leo, katika hospitali nyingi, mwuguzi atazamaye wagonjwa wa akili ndiye agawaye dawa ya kifafa.

Mwaka 1872 Bodelschwingh aliitwa kuisimamia kazi hii pamoja na nyumba ya madiakonisa, yaani Sarepta. Akaipa jina la Bethel. Mwaka 1877 ikaanzishwa Nazareth, nyumba ya ndugu mashemasi. Kila nyumba ya wagonjwa ilikuwa na baba na mama wa nyumba, au dada wa kuitunza, wakila meza moja na wagonjwa. Wenye nguvu walilima, walitunza ng'ombe, walifyatua matofali, walioka mikate, walishona viatu, maana Bodelschwingh aliamini ya kuwa mtu asiye na kazi huugua mara mbili. Mahali pale pakawa mji wenye maduka na barabara, na kanisa la Sayuni juu ya kilima, lililowekwa wakfu mwaka 1884. Tangu mwaka 1908 palikuwa hata na fedha za karatasi za Bethel kwa kununulia vitu katika maduka yake.

Basi, nani alilipa? Mara nyingi Bodelschwingh alianza kujenga kabla fedha haijatimia, maana mgonjwa aliyefika mlangoni hakuweza kungoja mchango. Najua wazee wa usharika wasomao haya watatikisa vichwa, na mimi kama mchungaji nisingethubutu kumshauri mtu yeyote afanye hivyo bila kuwa na moyo wake na kalamu yake. Lakini hakungoja zawadi kubwa. Aliwafundisha watu wadogo kutoa pfennig, sarafu ndogo kama ile heller ya Wajerumani iliyotuachia neno letu hela. Tangu mwaka 1888 aliwaomba watu wamletee stempu zilizokwisha kutumika, zile ambazo kila mtu hutupa pamoja na bahasha. Wagonjwa wakazichambua, zikauzwa kwa wenye kukusanya stempu. Kisha akaanza kukusanya mabaki: nguo kuukuu, viatu vilivyochanika, chupa, vyombo vilivyovunjika. Alikumbuka jinsi Bwana Yesu alivyowaagiza wanafunzi waokote vipande vilivyosalia baada ya kuwalisha watu elfu tano. Vitu hivyo vilitengenezwa na wagonjwa wenyewe, vikauzwa kwa bei ndogo. Hivyo mtu mmoja alipata kazi, maskini mwingine akapata koti, na nyumba ikapata mkate. Mwaka 1894 likaanza gazeti dogo, Mjumbe wa Bethel, ili watoaji wajue sarafu zao zimekwenda wapi. Jambo hili la mwisho naliona kubwa. Mchango usiotolewa habari hufa mwaka wa pili.

Walakini asidhani mtu ya kuwa stempu pekee zilitosha. Zamani mzigo wa mgonjwa maskini ulikilemea kijiji chake. Na kijiji maskini, kikiona gharama ya kumpeleka mgonjwa nyumba ya matunzo, kilimfungia tu bandani. Mwaka 1891 serikali ya Prussia ilitoa sheria kwamba vyama vya maskini vya mikoa, vilivyo vikubwa kuliko kijiji, ndivyo vyenye wajibu wa kuwatunza maskini wenye wazimu, wenye upungufu wa akili, wenye kifafa, mabubwi na vipofu wanaohitaji kukaa katika nyumba za matunzo. Sheria ilianza kutumika mwaka 1893. Tangu hapo mkoa ulilipia siku za mgonjwa, na nyumba za Bethel zikaongezeka sana. Sadaka ikajaza pale ambapo malipo ya mkoa hayakufika. Bodelschwingh hakuona aibu kupokea fedha za serikali, wala hakuona ya kuwa sadaka za Wakristo zinaiondolea serikali wajibu wake. Alipokuwa mzee wa miaka 72 alikubali kuchaguliwa kuingia katika bunge la Prussia ili awatetee watu wasio na kazi wala makao, na mwaka 1907 sheria aliyoipigania kwa ajili yao ikapita.

Haki inanitaka niseme na upande wa pili. Mwaka 1893 madaktari wa maradhi ya akili wa Ujerumani, katika mkutano wao wa Frankfurt, walidai ya kuwa nyumba za wagonjwa hawa ziwe chini ya madaktari, wala si chini ya wachungaji. Bodelschwingh aliwapinga kwa nguvu, akiogopa ya kuwa wagonjwa watakuwa hesabu tu katika daftari. Mimi naona madaktari walikuwa na neno. Kifafa ni maradhi ya ubongo, na anayetaka kumsaidia mgonjwa bila elimu ya tabibu humwacha nusu ya njia. Na hapa kwetu je? Bado wako watu wanaomkimbia mtu aliyeanguka motoni, wakidhani povu lake litawaambukiza, wala haliambukizi kamwe. Bado wako wanaomfunga kamba mwenye wazimu, wakamzungusha kwa waganga mpaka mbuzi wote wameisha. Kidonge cha fenobabitali ni cha bei ndogo. Lakini hospitali iko mbali, na nauli ya mgonjwa na msindikizaji wake kila mwezi humshinda mama mjane. Dawa ikikatika, kifafa hurudi kwa ukali kuliko kwanza. Mwinjilisti anayejua nyumba zote za mtaa wake ndiye ajuaye nani ameacha kwenda.

Sasa nije Usambara. Bodelschwingh aliingia katika uongozi wa chama cha misioni cha Afrika ya Mashariki mwaka 1890, na mwaka 1891 wamisioni wakafika Mlalo. Baadaye, juu ya mlima wa Lutindi, upande wa Korogwe, ilijengwa nyumba ya kuwalea watoto waliookolewa katika utumwa, na ndugu wa Nazareth wakaja kuitunza. Watoto wakakua, wakaenda zao. Ndipo, Bodelschwingh angali hai, Lutindi ikafanywa nyumba ya wagonjwa wa akili, ya kwanza katika Afrika ya Mashariki. Hospitali ya Mirembe kule Dodoma ilikuwa bado haijajengwa. Desturi ya Bethel ililetwa pamoja na ndugu wale: wagonjwa walime, wafuge, wafanye kazi za mikono, waishi kama jamaa. Hospitali ya Lutindi iko hata leo, chini ya Dayosisi ya Kaskazini Mashariki ya kanisa letu, na anayekwenda kule ataona ya kuwa njia ya kupanda ni ndefu kwa mwenye kumleta mgonjwa.

Baba Bodelschwingh, kama Wajerumani walivyomwita, alifariki tarehe 2 Aprili 1910, akiwa na miaka 79. Kazi ikashikwa na mwanawe Friedrich, mdogo kuliko watoto wote, aliyezaliwa mwaka 1877. Kwake yeye swali la fedha lilirudi kwa sura ya kutisha. Utawala wa Hitler uliwafundisha watu kuhesabu gharama ya mgonjwa wa akili, hata katika vitabu vya hesabu vya shule watoto walipewa mafumbo ya kukokotoa ni nyumba ngapi za watu wazima wa afya zingejengwa kwa fedha zinazowalisha wagonjwa. Kwanza ilikuja sheria ya kuwaondolea wagonjwa uwezo wa kuzaa, iliyoanza mwaka 1934. Na Bethel, yasikitisha kusema, iliitii, watu zaidi ya elfu moja wakapasuliwa. Kisha mwaka 1940 zikafika karatasi kutoka Berlin, zikiuliza kila mgonjwa ana ugonjwa gani na anaweza kufanya kazi gani. Walioonekana hawana faida walichukuliwa kwa magari, wakauawa kwa gesi. Zaidi ya watu 70,000 katika Ujerumani waliuawa hivyo mpaka Agosti 1941. Friedrich wa pili alikataa kuzijaza karatasi zile. Mwenzake, mchungaji Paul Gerhard Braune wa Lobetal, aliandika waraka wa kuyapinga mauaji, akatiwa gerezani. Wagonjwa wengi wa Bethel wakaokoka. Wale wachache waliokuwa Wayahudi hawakuokoka. Walichukuliwa Septemba 1940.

Friedrich wa pili alifariki mwaka 1946. Bethel ingali ipo. Stempu zingali zinafika kwa posta, na watu wenye ulemavu wanakaa mezani wakizikata katika bahasha na kuzichambua, nchi kwa nchi.