C.V. Raman: Mhasibu aliyefichua mitetemo ya molekuli

MTAALAMU anapotaka kujua jinsi molekuli ya protini inavyotikisika, huimulika kwa leza kisha akachunguza rangi ya nuru inayotawanyika. Mbinu hiyo ina jina la Chandrasekhara Venkata Raman, mwanafizikia wa India aliyewahi kufanya utafiti akiwa mhasibu wa serikali.

Raman alizaliwa Novemba 7, 1888 mjini Tiruchirappalli, kusini mwa India, babake akiwa mwalimu wa hisabati na fizikia. Alihitimu katika chuo cha Presidency, Madras, mnamo 1904 akiwa angali kijana mbichi.

India ilikuwa koloni la Uingereza na nafasi za utafiti kwa wenyeji zilikuwa haba. Hivyo, mnamo 1907 alijiunga na idara ya fedha mjini Calcutta. Mchana alikagua hesabu, na baada ya kazi akaelekea katika maabara ya chama kimoja cha kukuza sayansi.

Mnamo 1917 aliuacha mshahara huo mnono, akakubali ujira mdogo wa profesa katika Chuo Kikuu cha Calcutta.

Mwaka wa 1921, akirejea kwa meli kutoka Uingereza, alivutiwa na rangi ya samawati ya Bahari ya Mediterania. Mwanasayansi maarufu Lord Rayleigh alikuwa ameshikilia kwamba bahari huakisi tu rangi ya anga. Raman alitumia kioo kidogo cha kuchuja nuru kuondoa mng'ao huo wa anga, lakini samawati ikabaki. Alitambua kuwa maji yenyewe hutawanya nuru.

Mnamo Februari 28, 1928, yeye na msaidizi wake, K.S. Krishnan, walithibitisha kuwa sehemu ndogo mno ya nuru inayotawanywa hubadilika rangi. Nuru hiyo huiachia molekuli kiasi cha nishati, au huchukua nishati kwake. Kiasi hicho ndicho hufichua jinsi molekuli inavyotetema.

Mwaka uo huo, Grigory Landsberg na Leonid Mandelstam waligundua jambo lilo hilo mjini Moscow. Hata hivyo, Tuzo ya Nobel ya fizikia ya 1930 ilimwendea Raman pekee, Mwasia wa kwanza kuituzwa katika sayansi. Iwapo wenzake walidhulumiwa ni suala ambalo lingali linajadiliwa.

Raman aliaga dunia mjini Bangalore Novemba 21, 1970. Miaka miwili baadaye, watafiti waliotumia leza waliripoti mtetemo wa takriban mara bilioni 870 kwa sekunde katika kimotripsini, kimeng'enya kinachosaga protini tumboni.

Kwa molekuli, huo ni mwendo wa polepole. Ni kama mnazi penye upepo: makuti hupepea upesi ilhali shina zima huyumba taratibu. Protini nayo huyumba hivyo, sehemu zake kubwa zikisogea kwa pamoja. Mawimbi ya terahezi, yenye kasi iyo hiyo ya mtetemo, pia hutumiwa kuuchunguza mwendo huo.

Wataalamu bado wanabishana iwapo kuyumba huko husaidia vimeng'enya kutenda kazi. Jibu lake litawafaa wanaosaka dawa, kwani dawa nyingi hufanya kazi kwa kujishikiza kwenye protini, na protini hazitulii.

India huadhimisha Siku ya Kitaifa ya Sayansi kila Februari 28, kukumbuka ugunduzi huo wa 1928.